Ulimi wa Mwamvua

Bibi Sikuzani alimlea mjukuu wake Mwamvua kwa adabu kali, na jambo hilo lilimpa fahari. Mtoto alikuwa na miaka sita tu, lakini shikamoo zake zilisikika kijiji kizima. Kasoro ilikuwa moja: katikati ya shingo alikuwa na kivimbe cha ukubwa wa karanga.

Mwaka ule wa sabini na tano, walipohamia kijiji kipya cha ujamaa karibu na Mikumi, nyumba zilipangwa karibu karibu, na kivimbe kikapata wataalamu wengi. Jirani mmoja alisema mtoto amemeza mbegu ya ubuyu. Mwingine alisema ni rovu. Kornelio, balozi wa nyumba kumi, aliitisha kikao, na kikao kikaazimia kwamba uvimbe uendelee kuangaliwa.

Uvimbe haukungoja maazimio. Masika yalipoisha ukawa mwekundu, mtoto akashikwa na homa, usaha ukatoka. Bibi akapanda naye treni kwenda hospitali ya Kilosa. Kornelio akafuatana nao na barua yenye mhuri, akishikilia kwamba mwananchi hatibiwi bila maelezo ya balozi.

Daktari waliyemkuta aliitwa Ulimboka, kijana mrefu mwenye haraka. Barua hakuifungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaipapasa shingo ya Mwamvua kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate. Kisha akasema, "Sasa nitolee ulimi. Wote."

Mwamvua akabana mdomo, akamtazama bibi yake. Wiki mbili nyuma alikuwa amemtolea ulimi mke wa balozi, akafinywa sikio na bibi mpaka likawaka moto. Na balozi mwenyewe ndiye huyo aliyesimama mlangoni.

"Huyu hana tabia hiyo, daktari," bibi akasema.

"Si tabia, bibi. Ni kipimo."

"Kipimo gani kisicho na chombo?"

Daktari akatoa ulimi wake kumwonyesha. Mwamvua akajificha nyuma ya kanga ya bibi.

"Basi mwonyeshe wewe, bibi. Anayemwogopa ni wewe."

Tangu apate akili, Bibi Sikuzani hakuwahi kumtolea mwanamume ulimi. Akajifunika nusu ya uso, akatazama dari, akatoa ncha. Mtoto akamnyooshea Kornelio kidole.

"Na balozi?"

Balozi akakohoa, akavua kofia, akautoa wote. Daktari naye akautoa tena wake. Hapo ndipo nesi Raheli alipoingia na sinia, akawakuta watu wazima watatu wameachia ndimi nje. Akarudi kinyumenyume, akafunga mlango taratibu.

Mwamvua akaangua kicheko, na ulimi ukatoka wenyewe. Kivimbe kikapanda juu.

"Mmeona? Kimeshikana na ulimi," daktari akasema. "Mtoto akiwa tumboni, tezi ya shingo huanzia kwenye shina la ulimi, kisha hushuka. Njia iliyopitia hujifunga. Yake haikujifunga, maji yakajaa humo."

"Kwa hiyo si mbegu?"

"Si mbegu wala rovu. Amezaliwa nacho, na si kosa la mtu."

Bibi akamvuta mjukuu wake karibu. Miaka sita alikuwa akijilaumu kwa kumtuma kuni binti yake, mama wa Mwamvua, alipokuwa mjamzito, na hakumwambia mtu.

Mwamvua alichomwa sindano za kukausha usaha, akarudishwa nyumbani. Baada ya wiki sita wakarejea apasuliwe. Daktari alieleza kwamba uvimbe utatolewa pamoja na njia yake yote na kipande kidogo cha mfupa ulio juu ya koo, la sivyo utarudi.

"Mfupa! Ataongea kweli?"

"Utamchoka, bibi."

Siku ya upasuaji bibi alikaa kwenye benchi hadi saa saba mchana, asile wala asinywe. Daktari akatoka na kichupa. Ndani mlikuwa na kinyama chenye mkia kama uzi.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Kidogo hivi?" Alijiona kama amepunjwa. Kwa usumbufu wote ule alitarajia angalau yai. Kisha akalia, na Raheli akamshika bega.

Kesho yake Mwamvua aliletewa uji. Akameza kijiko kimoja, shingo imefungwa bandeji, akakunja uso.

"Hauna sukari," akasema, kwa sauti ya kukwaruza.

"Sukari haipo Kilosa nzima," bibi akajibu, akichota kijiko kingine. "Fungua mdomo."