Jagi la Mgeni

Lisemwalo halipo, mpaka aliyeliona asimame. Mbuke aliipindua methali hiyo mwenyewe na kuiandika kwenye jalada la daftari lake. Sasa alisimama nalo mbele ya mkutano wa kitongoji, Nyarugusu.

"Watu ishirini na wawili wamesema kisima ni salama," alisema Marcel, mwenyekiti. "Wewe mmoja, na diploma yako, unabisha?"

"Sibishi, baba. Nimewauliza wote swali moja tu: umejuaje?"

Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo: akusanye maoni, ayajumlishe, asaini kuwa maji ni salama. Saa sita mchana kisima, kilichofungwa tangu watu waanze kuyahofia maji yake, kingefunguliwa upya. Hatua hamsini kutoka kisimani, kwenye mwalo wa Ndaki wa kuoshea mchanga wa dhahabu, vijana waliikamata kwa zebaki, na maji yao ya kijivu yalituama bwawani. Mstari wa mbele alikaa Noela, mimba ya miezi saba, dumu tupu miguuni. Hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama Mbuke.

Mbuke akafungua daftari. "Enock aliambiwa na Juliana. Juliana aliambiwa na mkwewe. Mkwewe alisikia kisimani. Nimewafuata mmoja mmoja, na wote wananirudisha siku ile ile: mtaalamu wa maji alipokuja kutoka mjini, akanywa glasi nzima mbele yetu, tukapiga makofi. Si mashahidi ishirini na wawili. Ni glasi moja."

"Na aliinywa!" Ndaki alisimama. "Nilimwona kwa macho yangu. Au macho nayo siku hizi yanahitaji diploma?"

Watu wakacheka.

"Aliinywa. Nani alijaza jagi?"

Nyuma kabisa, shangazi yake Martina, mpishi wa pale mwaloni, aliinamisha uso. Jana, akichambua mchele, alilisimulia jambo hilo kama mzaha. Mbuke alimsihi alisimulie tena leo, naye akaendelea kuchambua.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba." Sauti ilikuwa nyembamba.

"Maji yale uliyachota wapi?"

Martina alikaza kanga kiunoni, akailegeza, akaikaza tena. "Mwanangu, mgeni unampaje maji ya matope? Marehemu mama angenifufukia! Nilichota kwenye tangi langu la mvua, nyumbani. Nikayachuja na kitambaa."

"Mayu we!" mtu akaguna.

"Ilikuwa heshima tu," Martina alisema. Machozi yakamtoka.

Ndaki akamnyooshea Mbuke kidole. "Umemvua nguo aliyekulea, mbele za watu! Na mimi umenifanya muuaji. Omba radhi."

"Sijasema kisima kina sumu. Nimesema hatujui. Maji yake hayajawahi kunywewa na mtaalamu wala kupimwa na yeyote. Yapimwe."

"Omba radhi kwanza, binti," Marcel alisema, taratibu, kama anayembembeleza ng'ombe aingie zizini. "Kisha usaini, twende tukale."

Mbuke alimtazama shangazi yake. Mwiko wa mwaloni ndio uliompeleka chuoni. Kesho huenda mwiko huo ukapewa mwingine. Mbele yake, Noela aliokota kifuniko cha dumu, akakizungusha polepole mpaka kikakaza, kisha akaweka dumu nyuma ya kiti chake.

Mbuke alifunika kalamu.

"Siombi."