Waya Mnene wa Wifi

Mume wangu ni fundi umeme, mtaa mzima unamwita Shoti, na chumba changu cha kushonea kinapata umeme kwa ekstensheni inayopita chini ya mlango kutoka sebuleni. Nikiwasha pasi, cherehani inapunguza mwendo kama mtu anayepanda kilima. Nikimlalamikia, jibu lake ni moja: "Nitakutazamia, mama watoto." Ameniweka kiporo hivyo tangu cherehani ya umeme iingie humu ndani.

Halafu dada yake, yaani wifi yangu, akasema anataka kuhamishia useremala wake nyumbani kwake, kwenye chumba cha nyuma. Alisema mara moja tu. Jioni ile ile Shoti alikuwa kwake na tepu, anapima kutoka kwenye mita hadi ukuta wa mwisho, na chakula changu kikapoa mezani. Tangu hapo hakuwa na habari nyingine: randa inavuta umeme kiasi gani, msumeno je, na vikiwashwa pamoja? Wivu nilikuwa nao, sifichi. Kijiba kilinikaa rohoni mpaka hata kicheko cha wifi nikakiona kirefu kuliko kawaida.

Siku ya kununua waya nilimfuata hadi duka la vifaa vya umeme, nikisingizia kwamba naenda kutafuta uzi njia hiyo hiyo. Mwenye duka alimwekea roli mbili juu ya kaunta. Shoti akashika ncha ya roli ya kwanza, akamenya ganda, akaukwangua waya kwa kisu. Chini ya wekundu ukatokea weupe.

"Hii si shaba, ni alumini iliyopakwa rangi," akasema, akaisukuma kando. Ya kwanza aliikwangua mara moja tu; ya pili akaikwangua mara tatu, wekundu ukabaki ule ule. "Hii sawa. Nipe ya milimita sita."

"Nne haikutoshi?" mwenye duka akauliza.

"Karakana iko mbali na mita, na mashine ni nzito. Ukiweka waya mwembamba, umeme unachoka njiani na waya unapata moto ndani ya ukuta. Na dada yangu analala chumba kinachofuata. Sita."

Alilisema hilo "dada yangu" kwa sauti laini ambayo sikumbuki lini mara ya mwisho ilisema "mke wangu". Mdomo ukanitangulia.

"Na mimi nipimie huo huo."

Mwenye duka akacheka. "Shemeji, na wewe unaranda mbao?"

"Nashona."

Shoti akanigeukia kwa upole. "Cherehani na pasi? Mbili na nusu inakutosha, tena inabaki. Huo mnene hata kuingia kwenye soketi ni shida. Waya unachaguliwa kwa mzigo, mama watoto, na mzigo wako ni mdogo."

Mzigo wangu mdogo! Mimi niliyemzalia, ninayevisha nusu ya mtaa, niliyeshona hata shati alilokuwa amevaa pale!

"Mzigo wangu ni wewe," nikamwambia mbele ya watu, "na hata hiyo sita haitoshi."

Duka zima likaangua kicheko. Shoti hakucheka. Alimtazama mwenye duka, si mimi.

"Mpimie anachotaka," akasema.

Kesho yake alianza na chumba changu, kabla ya karakana ya dada yake. Nilikuwa nimeshinda, na nilitembea humo ndani kama mwenye nyumba mpya. Waya ule ulikuwa mgumu, kila pembe aliukunja kwa nguvu za mikono miwili, na soketi ziligoma kufunga mpaka akachimba ukuta zaidi. Hakulalamika hata kidogo. Nilipomletea chai akasema asante, weka tu hapo. Mwishowe nikawasha pasi na cherehani kwa pamoja, na cherehani ikakimbia bila kusita. Nilitamani wifi awepo aone.

Shoti akapiga magoti akaanza kuokota vipande vya waya na maganda sakafuni, kimoja kimoja. Hapo nikaacha kushona. Huyu mtu, kwa dada yake anaacha takataka zake chini na kuondoka anapiga mluzi. Humu ndani ni vivyo hivyo, kila akigusa taa mimi nafagia huku namsema. Anakookota ni kwa wateja tu.

"Viache, nitafagia," nikasema.

"Hapana, mama," akajibu kwa adabu. "Si vizuri kuacha uchafu kwenye nyumba ya watu."

Akaokota hadi kipande kilichokuwa chini ya cherehani, karibu na mguu wangu, akavitia vyote kwenye mkoba wake, akasimama, akaniuliza kama nimeridhika na kazi.