Seti Isiyotoa Ukoko

Jumamosi moja ya mwaka 1974, Bibiana alikuwa amekaa kwenye kigoda dukani kwa Mwamvua, Magomeni ya Kilosa, akisonga ugali. Mwamvua mwenyewe ndiye aliyewasha jiko la mkaa, maana mteja huyu hakununua hata kijiko bila kukijaribu.

Palikuwa na seti mbili. Moja ni sufuria tatu za alumini, kama zile za duka la ushirika. Nyingine ni sufuria tatu nyeusi kwa ndani, zilizoachwa na meneja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao. Bei zilikaribiana.

"Hizi nyeusi hazishiki kitu," Mwamvua alisema. "Ila utumie mwiko wa mti, na usizisugue kwa mchanga wala majivu. Ukizikwaruza, shoga, usinirudie."

Bibiana alipindua sufuria nyeusi juu ya sinia. Ugali ukadondoka mzima.

"Hakuna ukoko," alisema.

"Ndiyo raha yake!"

"Mama mkwe anakuja Jumatatu."

"Si tulimzika Kidodi mwaka juzi?"

"Ndiyo. Anakuja na treni ya Kidodi."

Mwamvua akakubali kwamba hapo pana tatizo.

Kila Jumatatu mchana Bibi Perpetua aliteremka stesheni, asidaiwe tiketi, akaenda moja kwa moja jikoni kwa mwanawe. Wanaume wakishakula, alikwangua ukoko. Ndicho alichokula tangu aolewe, na siku zote alisema anaupenda. Ndiye aliyemfundisha Bibiana kusonga ugali bila madonge na kucheka bila kuziba mdomo. Asipokuta ukoko, atafuata nini tena?

Lakini mikono ya Bibiana ilikuwa imechoka kusugua. Akaurudisha ugali, akapindua tena, ukaruka, akacheka peke yake. Akanunua nyeusi.

Jumatatu treni ilichelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tembo walikaa relini pale Mikumi, tukawasubiri." Bibi Perpetua akachungulia sufuria. "Ukoko uko wapi?"

"Hii haitoi, mama."

Kwa kuwa hapakuwa na cha kukwangua, na kwa kuwa marehemu ni mgeni, Theodory, mume wa Bibiana, alimkaribisha mama yake mkekani alipokaa na kaka zake wawili, akamkatia ugali wa katikati unaofuka mvuke.

Tonge la kwanza alilila taratibu. La pili haraka. Kisha akacheka mpaka udongo wa Kidodi ukamdondoka mabegani.

"Kumbe ni laini hivi!"

"Mama, si ulikuwa unapenda ukoko?" Theodory aliuliza.

"Uliwahi kunibakizia nini kingine?"

Wanaume wakacheka sana, wakasema mama hajaacha utani wake, wakaendelea kula mpaka sinia likawa jeupe.

Jikoni, Bibiana aliinua sufuria. Haikuwa na kitu, hata cha kuoshwa.

Bibi Perpetua akaingia na kipande cha ugali kiganjani.

"Nitakuwa nakuja na Alhamisi pia," alisema.

"Karibu, mama. Na mimi wa katikati nitaula lini?"

"Wewe bado uko hai, mwanangu," alisema Bibi Perpetua, akamega kipande, akampa nusu kubwa.

Wakala wamesimama, wakicheka midomo wazi, kisha Bibiana akamsindikiza stesheni.