Mbwa Aliyekataa Kuzunguka

Agosti ikiingia, ukuta wa jikoni kwangu hujaa funguo. Majirani wanakwenda likizo baharini, na mimi ndiye ninayebaki na wanyama wao. Kila ufunguo naufunga uzi wa sufi: mwekundu ni wa kina Pieri, wenye paka anayekula samaki wa kuchemsha tu, wa manjano ni wa mwalimu wa muziki, mwenye ndege wawili wa kanari wasiopenda upepo. Asubuhi napita nyumba moja baada ya nyingine. Nafungua dirisha kidogo, nabadilisha maji, nasema maneno mawili matatu, nafunga. Nyumba za mji wetu wa Lucca mwezi huo ni kimya, na ndani zinanuka mbao na sabuni za watu wengine.

Mwaka huu uliongezeka uzi wa buluu, wa Nazzareno kinyozi. Ila mbwa wake, Bricco, sikumwacha kule peke yake. Nilimchukua nyumbani kwangu, kwa sababu Nazzareno hakwenda baharini. Alianguka kwenye ngazi akavunjika nyonga, wakampeleka kwenye nyumba ya wazee ya masista. Kule mbwa haruhusiwi, na wageni nao walikuwa hawaruhusiwi mpaka Jumapili.

Bricco ni mzee, ana manyoya ya rangi ya majivu na sikio moja lililolala. Nilimtandikia karibu na jiko blanketi la marehemu Gualtiero, mume wangu. Hakula. Nikampa mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa kuku, akageuza kichwa. Nikampa nyama niliyoichambua kwa vidole, akailamba kwa adabu tu, kama mgeni asiyetaka kumuudhi mwenye nyumba, kisha akaiacha.

Loredana, binti yake Nazzareno, akapiga simu kutoka mji wa Torino anakoishi.

"Shikamoo, bibi Ersilia. Huyo mzee wa miguu minne amekula?"

"Marahaba. Bado, mwanangu."

"Nakuja Jumapili. Kama mpaka hapo hajala, nitampeleka kwa daktari wa wanyama ampe sindano apumzike milele. Siwezi kumwacha ateseke."

"Na akila?"

"Akila, si utabaki naye, maana baba hawezi tena kuishi peke yake? Kama utamtaka lakini."

"Tutaona," nilisema, kana kwamba nimeulizwa kuhusu chungu cha maua. Lakini nilipokata simu nilikaa chini. Tangu Gualtiero afe, hakuna kiumbe aliyepumua jikoni mwangu zaidi yangu mimi. Siku hizo chache nilikuwa nikiamka nasikia kucha zinagonga sakafu, na nilikuwa nimeanza kusema "tunakwenda" badala ya "nakwenda."

Nikaona labda akitembea atapata njaa. Jioni, joto likipungua, watu wa mtaa wetu tunapanda juu ya ukuta wa kale wa mji, mpana kama barabara, kuzunguka chini ya miti. Tunazunguka upande mmoja: mkono wa kulia kwenye mapaa ya nyumba, wa kushoto kwenye mashamba na milima. Watalii na baiskeli zao waende watakako, lakini sisi tunakwenda hivyo, na mama zetu walikwenda hivyo.

Bricco akapanda na mimi vizuri. Tulipofika juu, nikashika njia yetu. Akaketi. Nikavuta kamba, akajilaza kabisa. Kesho yake vilevile, na keshokutwa vilevile, mpaka watu wakaanza kucheka.

"Ersilia, unaburuta gunia?" Ni Argia huyo, shoga yangu wa tangu shule, mwenye mdomo usio na kufuli.

"Nenda zako. Mbwa ameugua."

"Ameugua wapi! Unampeleka siko. Nazzareno huzunguka kinyume, kama saa mbovu. Hujui?"

"Kinyume? Lakini mimi nakutana naye kila jioni pale kwenye bomba la maji."

"Sasa unadhani unakutanaje naye, mwanamke wewe, kama mnakwenda upande mmoja?"

Nikabaki nimesimama na kamba mkononi. Miaka yote hiyo nilidhani mguu unamuuma, kwamba anaishia kwenye bomba kisha anarudi nyumbani. Kila jioni alinivulia kofia na kusema, "Habari ya jioni, bibi Ersilia, leo umependeza," nami namjibu, "Muongo wewe," kisha napita.

"Nilimuuliza siku moja," Argia akasema, sasa sauti yake imepoa. "Akaniambia kinyozi anaishi kwa nyuso. Ukizunguka na watu wote, unaona visogo tu."

Nikageuka. Sikupenda, nawaambia kweli. Niliona aibu kama mtu aliyevaa gauni nje ndani. Lakini Bricco aliinuka hata kabla sijamwita, akatangulia, mkia juu. Na watu wakawa wananijia: mke wa mwokaji, wazee wawili wa duka la kamba, dada wa kanisani. Kila mmoja ananitazama usoni, ananisalimu. Nilijibu mpaka koo likakauka.

Pale ukuta unapopinda, karibu na nyumba ya masista, Bricco akasimama akainua pua. Dirishani, usawa wetu kabisa, alikuwa amekaa mzee kwenye kiti cha magurudumu, nywele zimechanwa vibaya.

"Ersilia!" akaita. "Wiki nzima naona visogo! Mji mzima unanipa visogo!"

Bricco akabweka mara moja tu, kwa sauti nene ambayo sikuijua. Nazzareno akaficha macho kwa kiganja. Hatukusema mengi, maana sista alikuja kufunga dirisha.

Usiku huo Bricco alimaliza bakuli la mkate na mchuzi, akalilamba, akalisukuma mpaka likagonga mguu wangu. Nilicheka peke yangu jikoni. Peke yetu, niseme.

Jumapili Loredana alikuja na binti yake mdogo, Micol. Nilikuwa nimenunua mkate mtamu wa zabibu kavu. Mtoto akakaa sakafuni, akavunja kipande, Bricco akakila mkononi mwake taratibu, kisha akaweka kidevu kwenye goti lake.

"Mama," Micol akasema, "amepona."

Nikauona uso wa Loredana unabadilika, na nikajua.

"Bibi Ersilia, najua tulisema..." akaanza. "Tumetoka kwa baba sasa hivi. Huyu mtoto alimwomba, naye amekubali. Amesema Bricco akae na mjukuu wake. Lakini kama wewe..."

"Mbwa ni wake," nilisema. "Akishampa mjukuu, amempa."

Nikamfungashia. Nikawaambia mkate ulowekwe, meno yake ni mabovu. Sikio lililolala lifutwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Na matembezi yawe kinyume.

"Torino hatuna ukuta wa kuzunguka, bibi."

"Basi mpitisheni watu wanakomjia kwa mbele."

Micol alitaka kuniachia blanketi la Gualtiero. Nikamwambia alichukue, Bricco ameshalizoea. Kamba ya zamani waliisahau kwenye kitasa.

Jioni nilipanda ukutani. Nilisimama pale juu kidogo, halafu nikashika njia ya Nazzareno. Argia alinikuta kwenye bomba la maji.

"Mbwa yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Sasa wewe unakwenda kinyume kwa nini?"

Nikatazama mbele, kuelekea nyumba ya masista. Alinishika mkono kidogo, akaenda zake na wenzake.

Penye kona, Nazzareno alikuwa dirishani. Akainua mkono. Akatazama miguuni pangu, kisha akatazama njia nyuma yangu, kama mtu anayemngoja aliyechelewa kidogo tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa Bricco, lakini macho yana mazoea yao. Niliegemea ukingo wa matofali, kamba mfukoni, nikangoja mpaka akanitazama usoni.