Tangi Lililosuguliwa

Mama Tangi aliingia kazini mapema. Siku hiyo mkaguzi wa wanunuzi wa ng'ambo angekuja kwenye kiwanda chao cha kutia vitambaa rangi. Wanunuzi wa siku hizi hawaulizi bei tu, wanauliza na maji machafu yanakwenda wapi. Jibu lisipowaridhisha, oda inahamia kwingine na wafanyakazi wanarudi nyumbani.

Maji hayo ndiyo yalikuwa kazi yake. Yalipita kwenye tangi lenye tope la kahawia, pampu ikalipuliza hewa, yakatoka meupe kuelekea mtoni. Lakini tope lilinuka, na jana yeye na wifi yake, mshonaji wa hapo kiwandani, waliona haya. Mgeni apokewe na uchafu ule? Wakalikomba lote, wakalisugua tangi kwa klorini hadi likang'aa.

Sasa alipofungua koki, maji yalitoka ya samawati tupu. Akaifunga upesi. Fundi aliyejenga tangi aliwahi kusema kwamba tope lina vijidudu hai vinavyokula rangi; lakini Mama Tangi siku zote alidhani pampu ndiyo inayosafisha. Akamkimbilia wifi yake.

"Wifi, tumeviua!"

"Vipi hivyo?"

"Vijidudu vya tangi!"

"Salaala! Usafi wetu umemaliza ukoo mzima."

Walicheka kidogo.

Meneja alipoona, akavuta mpira wa maji ya bomba hadi kwenye mfereji wa kwenda mtoni. "Mkaguzi atachota haya. Ya samawati tutayaachia akishaondoka."

"Yaende mtoni, bosi? Mkwe wangu anamwagilia mboga kule chini."

"Na wenzako wakikosa kazi?" Hakusema kwa ukali. Vifungo vya shati alikuwa amevikosea, naye alionekana hakulala usiku.

Mkaguzi alikuja, msichana mpole, akachuchumaa mferejini na chupa yake.

"Mwanangu, usichote hapo," Mama Tangi akasema. "Hayo ni ya bomba. Tangi nimeliua mimi."

"Tulikuwa wawili," wifi akadakia. "Klorini niliileta mimi."

Mkaguzi akawatazama kwa zamu. "Machafu yametoka mengi?"

"Kidogo tu. Nimefunga."

"Basi msitie rangi mpaka tangi lifufuke. Tafuteni tope hai. Nitarudi wiki ijayo kupima, ila oda siwezi kuwaahidi, mama."

Alipoondoka, meneja alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Jirani zetu wa kiwanda cha ng'ambo ya barabara wanalo. Watatucheka hao." Akashusha pumzi. "Nendeni. Tukikosa, hata mimi sina kazi."

Mlinzi wa kule akauliza wanataka nini.

"Tope."

"Tope! Mmepita barabara nzima hamkuliona?"

Lakini alimwita mtunza tangi wao. Mwanamke yule alitazama mikono yao iliyobabuka kwa klorini, asiulize chochote. Aliwapa mafuta ya kupaka, akawajazia ndoo mwenyewe.

"Lisikose hewa hata kidogo," akasema. "Likitoa povu jembamba, limekubali."

Walilimimina, wakawasha pampu. Washonaji wakaja mmoja mmoja, wakazunguka tangi kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Meneja akamletea Mama Tangi kiti chake cha ofisini.

"Kuna povu?" akanong'ona.

"Bado, bosi."

Hakurudi ofisini. Alisimama nyuma ya kiti, naye akitazama.