Vidole Pembeni mwa Kioo

Nimechukia, na sifichi. Waliposema mitambo ya zamani ya televisheni inazimwa na asiye na king'amuzi ataambulia chenga tupu, niliuza cherehani yangu ya kudarizi, ile iliyokuwa ikiniletea wateja wa harusi. Niliuza kwa ajili ya mama.

Mama hasikii tangu utotoni. Sisi wa nyumbani tunajua alama za kula, kulala, njoo, funga mlango, basi. Maongezi ya maana anayapata kwa mtu mmoja tu: yule mkalimani wa lugha ya alama anayesimama kwenye kona ya taarifa ya habari. Mama humwita rafiki yake. Habari zikianza huvuta kigoda, na ole wako upite mbele yake. Zikiisha humpungia mkono wa kwaheri.

Muuzaji wa ving'amuzi alinipokea meno yote nje.

"Dada, picha safi, sauti safi!"

Sauti! Nikamwambia mama yangu ni kiziwi, shida yake ni kumwona mkalimani.

"Ondoa shaka, ataona kila kitu."

Nikalipa. Kumbe king'amuzi bila antena ni pambo la kabati. Nikalipa antena, kisha nikaambiwa kuna na kifurushi cha mwezi. Bandu bandu huisha gogo. Pesa ya cherehani ikaisha nikiwa nimesimama palepale kaunta.

Jioni mama akavaa gauni lake la kutokea. Picha ikaja, inang'aa kweli, mtangazaji unamwona mpaka kope. Lakini mkalimani hakuwepo. Ukingoni kabisa mwa kioo vilichungulia vidole vitatu vya mkono mmoja, vikitokeza na kuzama. Mama akasogeza kigoda. Akabandika shavu ukutani, akachungulia ubavuni mwa televisheni kama anayemtafuta jirani dirishani. Kisha akaviashiria vile vidole: sema tena.

Nikampigia muuzaji simu papo hapo.

"Aa, kumbe televisheni yako ni ile ya kizamani, yenye mgongo? Picha za siku hizi ni pana, dada. Hicho king'amuzi cha bei nafuu kinazikata pembeni. Nunua televisheni bapa, ninayo moja nzuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza." Akacheka.

Mimi ni fundi nguo. Nikimshonea mteja gauni la mkono mmoja, halafu nimwambie hakuuliza mikono ni mingapi, atanirushia pasi na mtaa mzima utamshangilia. Huyu anacheka! Ptuu! Nilikata simu.

Nikaketi sakafuni ubavuni mwa televisheni, pale ambapo rafiki yake angesimama. Mama akanigeukia, akangoja. Kwenye habari mkubwa mmoja, tai imemkaba shingo, alikuwa akisema teknolojia hii mpya haitamwacha mtu yeyote nyuma. Mikono yangu ikakwama hewani. Kula, kulala, njoo, funga mlango: ningeanzia wapi?

Mama akauliza kwa mkono: anasema nini?

Nikakumbuka alama moja zaidi. Alikuwa akinionyesha yeye mwenyewe nilipokuwa mdogo, kila nilipoapa kwamba sukari sikuilamba. Nikainua mkono, nikamwonyesha.

Anadanganya.