Msafara Uliojaza Skrini

Namalwa alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akiwa ameibeba baiskeli yake begani, kwa sababu bawabu wa langoni alikuwa ameshatangaza kwamba yeye hulinda magari tu. Ilikuwa Jumatatu, mwaka ule wa 2009 wa mgao wa umeme, na jenereta zilinguruma katika kila ua kando ya barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Hurlingham. Alifika juu bila kuhema. Mlangoni alisimama Bwana Shem Wesonga, katibu wa Muungano wa Baiskeli za Milimani, na kikombe cha chai mkononi.

"Karibu msichana wetu," alisema Bwana Wesonga. "Leo machine itakubali, utaona."

Ijumaa alikuwa amesema maneno hayo hayo. Alimwita msichana wetu kwa kuwa wote wawili walitoka pande za Bungoma, na huo ndio uliokuwa msaada wake wote. Mwaka uliotangulia, tiketi ya Namalwa ya kwenda mashindanoni ng'ambo ilichukuliwa na shemeji wa mwenyekiti, aliyesafiri kama mkandaji wa misuli ilhali maishani mwake hajakanda kitu ila unga wa chapati. Msichana wetu alibaki mtaani Jamhuri, akaosha baiskeli.

Safari hii mambo yalikuwa tofauti, au ndivyo alivyoambiwa. Waandaaji wa mbio za mlima Valdoni, huko Ulaya, walikuwa wametuma mashine katika kila nchi: kompyuta, skrini pana, na chuma cha kushikilia gurudumu la nyuma. Unafunga baiskeli yako, unakanyaga pedali, na skrini inakuchora ukiupanda mlima wao. Barabara ikiinuka, chuma kinalikaza gurudumu. Atakayeimaliza njia nzima bila kukatizwa, mashine yenyewe itapeleka matokeo, naye atapewa namba ya kushindana. Mwenye namba ataonekana na timu zinazolipa watu mshahara kwa kuendesha baiskeli, jambo ambalo Namalwa alilifanya kila siku kwa kupeleka hati za mawakili kati ya mtaa wa Upper Hill na mjini. Mwisho ulikuwa Jumamosi adhuhuri. Miguu ya kuumaliza mlima ule alikuwa nayo.

Kilichomkwamisha ni skrini. Alikuwa akivuka daraja, akikaribia kanisa la mawe, mara rangi zinaanza kupasuka, miti inageuka pembetatu, kisha kila kitu kinakuwa buluu na mashine inazima. Mara nyingine ilizima kwenye kona za juu, mara nyingine hata daraja hajalifikia.

Muungano ulimwita Jamleck Mbuthia, fundi mwenye kibanda cha kompyuta katikati ya mji. Jamleck alikuwa kijana mpole aliyeijua kazi yake. Alifungua kasha la kompyuta, akapuliza vumbi. Akaondoa draiva mpya, programu ya kuendesha kadi ya michoro, akarudisha ya zamani. Akajaribu vipande vya memori kimoja kimoja, akapima umeme, maana umeme wa jenereta hauaminiki. Kila alipomaliza, Namalwa alipanda baiskeli na mashine ikazima.

"Ikikuwa inakufia place moja, unaishika," alisema Jamleck akijikuna kichwa. "Lakini hii inakufa ikitaka. Hebu panda tena, mimi niangalie screen tu."

Namalwa akapanda. Alipofika kwenye kanisa, mwenyekiti wa Muungano, Bwana Waithaka, alikuwa amesimama katikati ya barabara ya Valdoni. Alivaa koti la timu lenye nembo ya kijani, huku ameshika sanduku la magurudumu. Kando yake alikuwa mkewe na masanduku mawili. Wakati huo huo Bwana Waithaka alikuwa ofisini kwake, upande wa pili wa ukuta, akizungumza kwa simu, na sauti yake ilisikika vizuri.

Jamleck aliinama akatazama kwa makini. "Huyo si Chairman?"

"Ni yeye," alisema Namalwa akiendelea kukanyaga.

"Na bibi yake."

"Na nyuma ni mweka hazina na vijana wake. Yule mwenye kofia ni pastor wao."

Mashine ilihangaika kuchora vifungo vya makoti, zipu za masanduku, pete za mke wa mwenyekiti. Ikajitahidi, ikashindwa, ikawa buluu. Jamleck alishusha pumzi kama mtu aliyepata alichokuwa akitafuta.

"Si random," alisema. "Ni watu. Wamekuwa wengi kuliko card."

Bwana Waithaka alipoambiwa alikuja mwenyewe kutazama. Hakuona ajabu, kwani alijua fika kwamba yumo kwenye msafara wa watakaosafiri na mwanariadha. Alilalamikia jambo moja tu. "Mbona mmenichora na tumbo hivi?"

"Ni vile mashine inakuona, Chairman," alisema Jamleck.

"Basi weka card kubwa. Hatuwezi aibishwa na kompyuta."

Jamleck akaweka kadi kubwa, na Jumatano asubuhi Namalwa alipita kanisa, akapita shamba la ng'ombe, akaanza kona za juu huku msafara umejibanza upande mmoja. Lakini habari kwamba sasa kuna nafasi ilimfikia mwenyekiti kabla ya chai ya saa nne, naye akamwongeza binamu yake, na rafiki wa binamu ambaye tangu utotoni alitamani kuona theluji. Mashine ikazima. Jamleck akaongeza memori. Bwana Wesonga akaongeza mke wake mdogo. Jamleck akaleta feni ya pili, kwa kuwa kasha lilikuwa likichemka, na feni ile ilipoanza kuzunguka ilitoa harufu ya nyama choma. Msafara ulikuwa umewasha jiko pale kwenye kona ya tano na unakula.

Hasira zilimpanda Namalwa. Haikuwa hasira ya kulia, kwani machozi aliyamaliza mwaka uliotangulia. Alimfuata Bwana Wesonga ofisini.

"Bwana Wesonga, mnanifungia barabara."

"Nani amekufungia? Si unapita tu kando?" Bwana Wesonga alimkodolea macho ya mshangao. "Msichana wetu, mwanariadha bila viongozi ataonekana kama mtu amepotea. Sisi tunaenda kukuinua."

Siku iliyofuata Jamleck alishika njia nyingine. Kama watu hawapungui, alisema, basi atapunguza vitu vingine ili mashine ipate nguvu. Alizima vivuli na mawingu. Akaondoa miti, akaondoa ng'ombe, kanisa, daraja, washangiliaji wote wa kando ya njia. Akaondoa theluji, na yule rafiki wa binamu akaonekana akitazama huku na huku kwa kuudhika. Akaondoa waendeshaji wengine, na mwishowe akauondoa mlima wenyewe. Ikabaki barabara ikipanda peke yake katika weupe mtupu, imejaa watu na mizigo.

"Usije ukanitoa mimi," alisema Namalwa.

Jamleck alicheka. "Wewe? Wewe ndio hii kitu yote iko hapa juu yako. Siwezi."

Namalwa alimwamini. Katika jengo lile lote, hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Ijumaa alipanda kama hajawahi kupanda. Aliukata msafara katikati, huku akimkwepa pastor, huku akizunguka jiko. Mke wa mwenyekiti alisukuma sanduku njiani, Namalwa akalipita kwa upana wa kidole. Bwana Wesonga wa kwenye skrini alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, amenyoosha miguu barabarani, na hakuikunja. Namalwa alimpita pia. Jasho lilimtiririka likatapakaa sakafuni, chuma kilinguruma, na kule juu akauona utambaa wa mwisho wa mbio ukipepea. Hakuna aliyekuwa mbele yake.

Kisha nyuma ya utambaa akatokea mtu mpya. Koti lake la timu lilikuwa bado lina karatasi ya bei, na bisibisi imechomoza kwenye mfuko wa kifuani. Alikuwa Jamleck. Skrini ikawa buluu.

Namalwa alishuka akamgeukia Jamleck aliyekuwa kando yake. Jamleck alikuwa anatazama viatu vyake.

"Walisema timu inahitaji fundi," alisema Jamleck kwa sauti ndogo. "Waliniuliza jana jioni."

"Na ukasema ndio."

"Sijawahi panda ndege, Namalwa."

"Hata mimi."

Namalwa alifungua mlango wa mwenyekiti bila kubisha. Viongozi walikuwa wameuzunguka mkate na chai. "Nyinyi ni wezi," aliwaambia, na alisema kwa sauti ya kutosha kusikika hadi chini kwa bawabu. "Mmekula tiketi yangu mwaka jana, na mwaka huu mnakula barabara. Wezi."

Bwana Waithaka alimeza alichokuwa anatafuna. "Asante kwa maoni," alisema. "Lakini siku nyingine pitia kwa katibu."

Jumamosi asubuhi alirudi. Wangeweza kumfukuza, ila hakuna aliyejisumbua. Alifunga baiskeli kwenye chuma, akakaa, akaanza kukanyaga. Jamleck alikuwa mbele ya kompyuta na koti jipya mgongoni, lile lile la kwenye skrini. Vya kuchorwa vilikuwa vimebaki vitatu tu: barabara, msafara na mwendeshaji.

"Toa mmoja wao," alisema Namalwa. "Mmoja tu. Toa wewe mwenyewe."

"Nikijitoa nitakuwa nimejitoa kweli."

"Na mimi je?"

Bwana Waithaka alichungulia mlangoni. "Fundi, machine iko tayari? Saa zinaenda."

Jamleck alibonyeza kipanya. Kwenye skrini, Namalwa akatoweka pamoja na baiskeli yake. Chuma kikalegea, na pedali zikazunguka bure kama za baiskeli iliyopinduliwa. Barabara ikatulia. Hakukuwa na rangi iliyopasuka wala pembetatu hata moja, na kila kifungo cha kila koti kilionekana safi. Msafara ukainuka, ukapangusa mikono, ukaanza kutembea kuelekea juu huku magurudumu ya masanduku yakikwaruza lami. Namalwa aliendelea kukanyaga kwa muda, kwa sababu nguvu alikuwa nazo na hakuwa na pa kuzipeleka.

Waliufikia utambaa kabla ya adhuhuri. Mashine ikapeleka matokeo yenyewe, kama ilivyoahidiwa, na Valdoni wakajibu papo hapo kwa pongezi na namba za kushindania, kila mmoja yake. Ofisi nzima ilipiga makofi. Bwana Wesonga alimkumbatia Jamleck, kisha akageuka, akatazama chumbani, akauliza baiskeli hii ni ya nani.

"Yangu," alisema Namalwa.

"Na wewe ni nani, mama?"

Tangu siku hiyo watu wa Muungano, kila walipomwona, walimwona kwa mara ya kwanza. Hawakuwa wanajitia hamnazo. Alikutana na Bwana Wesonga mara mbili pale dukani Hurlingham, na mara zote mbili Bwana Wesonga alifurahi kugundua kwamba huyu naye ametoka Bungoma, akamwomba waendelee kuwasiliana. Kwingineko mjini watu walimtambua kama kawaida. Waliomdai waliendelea kumdai.

Wiki iliyofuata, kazi ilimpeleka kwa wakala wa usafiri huko Upper Hill kuchukua bahasha. Ilikuwa nzito, na ilielekezwa kwa Muungano. Aliushika ukingo wa bahasha akahisi paspoti ndani, nyingi, zimekazwa kwa mpira. Alisimama nayo kando ya mtaro wa maji machafu kwa muda mrefu kiasi. Alifikiria kuitupa. Lakini mkubwa wake hakuwa mtu wa kusikiliza sababu, na kuna wasichana wengi wenye baiskeli. Akaifunga kwenye keria akateremka hadi ofisi ya Muungano Hurlingham kwa hasira kiasi kwamba hakugusa breki, akayapita magari yote yaliyokwama kwenye msongamano.

Mwenyekiti aliipokea mwenyewe, akaangalia saa ya ukutani.

"Wamenipigia simu sasa hivi tu, umeshafika?" alisema, akamtazama juu hadi chini kwa furaha ya kweli. "Kumbe uko na mbio hivi! Kwani hujawahi fikiria cycling?"

"Nimefikiria."

"Fikiria tena. Mwaka ujao pitia kwa katibu. Country hii inatafuta wasichana kama wewe, hatuwapati."

Kutoka chumba cha nyuma ilikuja harufu ya nyama choma. Jamleck, aliyekuwa anafunga sanduku lake, aliinua kichwa.

"Sasa," alimsalimu, jinsi mtu anavyomsalimu tarishi.

"Naitwa Namalwa," alisema Namalwa. Alikuwa amemwambia hivyo hivyo Jumatatu.

"Jina poa," alisema Jamleck, akarudia kukunja mashati.

Mwenyekiti alitia sahihi. Namalwa aliichukua baiskeli ukumbini, akaiweka begani, akashuka nayo ngazi zote, hasira ikiwa nzima, haijapungua hata tone. Chini, bawabu alimfungulia lango gari la mwenyekiti lililokuwa linaingia kuchukua mizigo, na Namalwa akasimama kando kulipisha. Alikuwa na bahasha nyingine ya kupeleka mjini, na wenyewe walikuwa wameshapiga simu kuiulizia.